Vijidudu Vinavyopima Sumu Majini

Mkulima wa bonde la mto Luiche anapiga dawa nyanya zake asubuhi. Dawa ni kali, wadudu wanakufa. Mchana anaosha bomba lake mtoni. Jioni mvua kubwa inanyesha. Mvua inasomba dawa iliyobaki juu ya majani na juu ya udongo. Maji yanateremka mtoni, na mto unaingia Ziwa Tanganyika karibu na Ujiji. Njiani wako watu wanaochota maji ya kunywa. Wako watoto wanaooga. Wako ng'ombe na mbuzi wanaokunywa.

Je, maji yale yana sumu? Ukiyatazama huoni kitu. Ukiyanusa, pengine husikii harufu yo yote. Mtu wa Kidahwe anaweza kuyajaza kwenye mtungi akafika nayo nyumbani bila kujua.

Katika somo hili tutasoma juu ya njia moja ya kupima sumu hiyo. Njia yenyewe hutumia vijidudu. Lakini vijidudu hivyo havifanyi kazi bila kutunzwa sawasawa, kama vile ng'ombe hatoi maziwa bila majani na maji. Matunzo hayo ndiyo tutakayoyasoma zaidi.

Sumu yenyewe

Dawa nyingi za kuua wadudu ni za ukoo mmoja uitwao oganofosfati. Katika ukoo huo wamo parathioni, diazinoni, malathioni na klopirifosi. Hata unga tunaochanganya na mahindi ghalani kumzuia dumuzi, yule ambaye watu wengi humwita Scania, mara nyingi una dawa ya ukoo huu.

Dawa hizi hushambulia mishipa ya fahamu. Ndani ya mwili kuna vitu viitwavyo vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hutengeneza ili kazi fulani ifanyike upesi. Mate yako yana kimeng'enya. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, na utaona linaanza kuwa tamu. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya: kimegeuza wanga kuwa sukari. Sasa, kwenye mishipa ya fahamu kuna kimeng'enya kingine ambacho huituliza mishipa kila inapomaliza kupeleka habari. Oganofosfati hukifunga kimeng'enya hicho. Mishipa haitulii tena. Mdudu hutetemeka na kufa.

Mtu naye ana kimeng'enya hicho hicho. Kwa hiyo dawa inayomwua mdudu inaweza kumwua mtu. Aliyepata sumu hii hutoka jasho jingi, mate na machozi. Mboni za macho huwa ndogo. Hutetemeka, na hupumua kwa shida. Mtu kama huyo avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe zahanati upesi. Kopo la dawa lipelekwe pia, ili mganga asome jina lake.

Sumu majini huharibu na biashara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Ilikuwa imejulikana kwamba baadhi ya wavuvi walimwaga dawa za wadudu majini ili kuua samaki. Waliotia sumu walikuwa wachache. Waliokosa soko walikuwa wengi: wavuvi waaminifu, wachuuzi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu. Sisi wa Kigoma tuna dagaa na migebuka. Tuna pia ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, ambalo maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa sana.

Kupima kwa mashine kunawezekana. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina makao yake Arusha. Lakini mashine hizo ni za gharama kubwa, zinahitaji mafundi waliosomea, na kutoka Kidahwe hadi Arusha ni safari. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi mbalimbali wametafuta kipimo kidogo ambacho mtu angeweza kukitumia papo hapo, kando ya mto.

Habari ilianzia kwenye mpunga

Huko Ufilipino kuna taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga. Wataalamu wake waliona jambo la ajabu. Majaruba yaliyotiwa diazinoni mara kwa mara yalianza kuishinda dawa. Dawa iliyokuwa ikikaa siku nyingi sasa ilikwisha upesi. Kitu gani kiliimaliza? Mwaka 1973 Sethunathan na Yoshida walieleza kwamba ni bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana ila kwa darubini kali. Hao wa Ufilipino waliweza kuvunjavunja diazinoni na parathioni.

Walifanyaje? Walikuwa na kimeng'enya cha kukata sumu. Na parathioni inapokatwa, kipande kimoja kinachotoka kina rangi ya manjano. Hapo mwanga ulionekana. Kama kijidudu kinaweza kuyafanya maji yenye sumu yawe ya manjano, basi kijidudu hicho ni shahidi. Tena kukata huko hutoa uchachu kidogo. Kwa hiyo hata dawa isiyotoa rangi inaweza kujulikana kwa kupima uchachu wa maji.

Katika miaka ya 1980 wataalamu waliyapata maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Maelekezo ya namna hii huitwa jeni. Kila kiumbe kina jeni zake ndani yake, kama daftari lenye maandishi. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika utalielewa jambo hili upesi. Waliunakili ukurasa mmoja kutoka daftari la kijidudu cha mpunga, wakautia katika daftari la kijidudu kingine kilicho rahisi kufugwa. Jina lake ni E. koli. Mwaka 1997 na 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, Marekani, walionyesha kwamba kazi huwa nzuri zaidi kimeng'enya kikiwekwa nje, juu ya ngozi ya kijidudu. Sumu hupenya ngozi hiyo kwa shida. Kimeng'enya kikikaa nje, kinakutana nayo mlangoni.

Ziko E. koli zinazoleta ugonjwa wa kuhara. Zinazofugwa kwa kazi hii ni dhaifu, zimezoea kulishwa chupani, wala hazileti ugonjwa huo.

Kuvifuga

Hapa ndipo penye kazi. Kijidudu kilichopewa ukurasa mpya si lazima kiusome. Kinaweza kuusoma vibaya. Kinaweza hata kuutupa.

Tuanze na joto. E. koli wa asili huishi tumboni mwa watu na wanyama, ambamo joto ni nyuzi 37. Katika joto hilo, penye chakula cha kutosha, kijidudu kimoja hugawanyika kuwa viwili kwa dakika 20. Fanyeni hesabu darasani. Baada ya muda wa saa 1 kijidudu kimoja kimekuwa 8. Baada ya saa 2 vimekuwa 64. Baada ya saa 8, kama hakuna kilichokufa wala chakula hakikupungua, vitakuwa 16,777,216.

Mtu angesema basi, tuweke nyuzi 37 na kazi imekwisha. Sivyo. Kimeng'enya ni kama kikapu. Kikishatengenezwa lazima kikunjwe na kufumwa kwa umbo lake hasa, la sivyo hakikati kitu. Mfumaji akiharakishwa, vikapu hutoka ovyo na kurundikana. Ndivyo ilivyo kwa E. koli katika nyuzi 37: hutoa kimeng'enya upesi mno, nacho huganda mabonge yasiyofaa. Kwa hiyo wafugaji huvikuza kwanza katika nyuzi 37 ili viwe vingi. Kisha, kabla ya kuviamuru kutoa kimeng'enya, hushusha joto hadi nyuzi 30 au chini ya hapo. Kazi huenda polepole, lakini vikapu vinatoka vizuri. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo mgeni wa kazi hii hukosea kwanza, kwa sababu macho yake yako kwenye wingi. Chupa iliyojaa vijidudu visivyojua kukata sumu haina faida.

Chakula chao ni mchuzi. Kwa lita 1 ya maji hutiwa gramu 10 za protini ya maziwa iliyokwisha vunjwavunjwa, gramu 5 za hamira iliyokamuliwa, na gramu 5 hadi 10 za chumvi. Mchuzi huchemshwa kwa mvuke mkali ili kuua vijidudu vingine. Ye yote aliyegandisha maziwa anajua kwa nini: kibuyu kichafu huleta kitu kingine, si mgando. Mchuzi usiwe mchachu kama ndimu, wala mkali kama maji ya majivu. Uwe katikati.

Kisha hutiwa madini kidogo. Kimeng'enya hiki hushika chembe za metali ndani yake, nazo ndizo meno yake ya kukatia. Kwa asili hushika zinki. Wataalamu waligundua kwamba kikipata metali iitwayo kobalti hukata vizuri zaidi. Lakini kobalti ni sumu kwa kijidudu chenyewe. Ikizidi, vijidudu vinadumaa. Ikipungua, meno hayapatikani. Ni kama chumvi kwenye mboga, ila hapa wanaopika hupima kwa mizani nyepesi mno.

Hewa pia inahitajiwa. Chupa haijazwi. Hutiwa mchuzi kiasi cha sehemu moja katika tano, kisha huwekwa juu ya mashine inayoitikisa mara 200 hivi kwa dakika ili hewa ichanganyike. Chupa ikijazwa hadi shingoni, vijidudu vya chini hukosa pumzi, hugeuka kuchacha kama togwa, na uchachu wao huvirudia wenyewe.

Sasa tuje kwenye mzigo. Wazee wa Ujiji wanajua habari za misafara ya zamani, wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Mpagazi aliyetupa mzigo porini alikwenda mbio kuliko wenzake. Ukurasa mpya ndani ya kijidudu ni mzigo. Kijidudu kinachoutupa hukua upesi kuliko wenzake, na baada ya siku chache chupa nzima ni ya watupa mizigo. Utaiona imejaa, lakini haikati sumu. Wafugaji hufanya hila. Katika ukurasa ule ule huandika maelekezo ya kushinda dawa fulani, kama ampisilini, kisha hutia ampisilini ndani ya mchuzi. Aliyebeba mzigo anapona. Aliyeutupa anakufa.

La mwisho ni wakati wa kutoa amri. Vijidudu havitengenezi kimeng'enya mpaka viamriwe. Amri yenyewe ni kitu kinachofanana na sukari ya maziwa, kinachotiwa kidogo ndani ya mchuzi. Kikitiwa mapema mno, vijidudu bado ni vichache, navyo hulemewa na kazi. Kikitiwa kwa kuchelewa, chakula kimekwisha na vijidudu vimechoka. Wafugaji hungoja mchuzi uanze kupata utusitusi, kama maji yaliyooshea mchele, ndipo huamuru.

Kujua kiasi kinachofaa

Nani aliyesema nyuzi 30? Nani aliyesema kobalti kiasi hiki? Hakuna aliyekisia. Walijaribu kama bwana shamba anavyofanya katika shamba la mfano. Yeye hupanda vipande kadhaa vya mahindi, mbegu moja, siku moja, udongo mmoja. Kipande hiki hupata mbolea, kile hakipati. Tofauti ya mavuno humwambia kazi ya mbolea. Angebadili mbegu na mbolea na siku ya kupanda kwa pamoja, asingejua kilicholeta mavuno.

Katika maabara ni vivyo hivyo. Chupa tano hupata joto mbalimbali na mambo mengine yote huwa sawa. Halafu tano nyingine hupata kobalti mbalimbali. Lakini iko shida. Kiasi cha kobalti kinachofaa katika nyuzi 37 huenda kisifae katika nyuzi 25, kwa maana mambo haya hushikana. Kwa hiyo baada ya majaribio ya kwanza hutengeneza jedwali lenye joto, madini na muda pamoja, na hutafuta mahali ambapo vyote vinakubaliana.

Tena kinachofaa kwa kukua si lazima kifae kwa kupima. Nimesema mchuzi wa kukuzia uwe katikati, si mchachu wala mkali. Lakini ile rangi ya manjano hufifia na kupotea katika maji machachu. Huonekana vizuri maji yakielekea upande wa majivu. Kwa hiyo wakati wa kupima, vijidudu huondolewa kwenye mchuzi wao na kutiwa katika maji yaliyotengenezwa hivyo. Mtu asiyejua hili anaweza kuwa na vijidudu hodari na maji yenye sumu, asione cho chote.

Kutunza nako kuna taabu zake. Friji la barafu kali linataka umeme usiokatika. Njia nyingine ni kuvikausha vikiwa vimegandishwa, au kuvifunga ndani ya ute mgumu unaotokana na mwani. Ni mwani wa namna ile ambayo akina mama wa Zanzibar hulima pwani na kuuza nje.

Kimya cha vijidudu

Tuseme chombo kimeletwa kando ya mto Luiche. Umechota maji, umeyachuja kwa sababu ya matope, umeyatia katika kichupa chenye vijidudu. Umengoja. Hakuna manjano. Je, unywe?

Usinywe bado. Kimya kinaweza kuwa na maana mbili. Huenda maji ni safi. Huenda pia vijidudu vimekufa kwa joto ndani ya basi. Kwa hiyo kipimo cha kweli kina vichupa vitatu. Cha kwanza kina maji safi yanayojulikana. Cha pili kina maji ya mto. Cha tatu kina maji safi yaliyotiwa sumu kidogo kwa makusudi na mtaalamu. Kichupa cha tatu lazima kigeuke manjano. Kisipogeuka, vijidudu havifanyi kazi, na kipimo chote ni bure. Na cha kwanza kikigeuka, kuna uchafu umeingia.

Hata vichupa vyote vitatu vikienda sawa, vijidudu hivi hujibu swali moja tu. Vinajua oganofosfati, tena si zote kwa ubora mmoja. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, mkoa wa Pwani, lilipelekewa tani 170 hivi za dawa kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake. Dawa zilikaa, ghala likabomoka, sumu ikaingia ardhini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima baadaye walikuta DDT katika udongo na maji. DDT si ya ukoo wa oganofosfati. Vijidudu vyetu vingewekwa Vikuge, visingeiona DDT hiyo hata kidogo. Kwa sumu nyingine panahitajika kijidudu kingine chenye ukurasa mwingine, au mashine.

Baada ya kupima, vichupa havimwagwi mtoni. Maji yenyewe yana sumu. Vijidudu navyo vina yale maelekezo ya kushinda ampisilini, na bakteria wana desturi ya kupeana kurasa. Hatutaki vijidudu vya magonjwa vijifunze kutoka kwao. Kwa hiyo hukaa ndani ya vichupa vilivyofungwa, na mwishoni huuawa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Tanzania ina kanuni za mwaka 2009 juu ya viumbe vilivyobadilishwa jeni. Mtu hawezi kuvileta na kuvitumia apendavyo.

Kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko katika maabara. Huendi dukani Ujiji ukanunua kichupa. Kwa leo, mkulima wa Kidahwe anaweza kuoshea bomba lake shambani, mbali na mto na kisima. Anaweza kusuuza kopo tupu mara tatu, akamwaga maji hayo ndani ya bomba na kuyapulizia shambani, kisha akalitoboa kopo ili mtu asije akachotea maji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kijijini kwenu watu huoshea wapi mabomba ya dawa? Maji ya hapo huelekea wapi?
2. Kwa nini wafugaji wa vijidudu hushusha joto baada ya vijidudu kuwa vingi?
3. Kijidudu kimoja hugawanyika kila dakika 20. Vitakuwa vingapi baada ya saa 3?
4. Vichupa vyote vitatu havikugeuka manjano. Utamwambia nini jirani anayetaka kunywa maji hayo?
5. Someni maandishi ya kopo moja la dawa lililoko kijijini. Dawa hiyo ni ya ukoo gani?